Mazoezi ya Maziko ya Musafiri

Ndugu yangu Musafiri alianza kufa wakati tunapanda mupunga, na wakati wa kuuvuna alikuwa hajamaliza. Msiseme ninamutania marehemu. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anasema hivyo. Munganga akija kumupima na kumuuliza, "Mwalimu, unajisikia namna gani leo?" anajibu, "Kazi inaendelea."

Lakini ile kazi hakuifanya yeye. Aliifanya mutoto wake Léontine, kwa mukono wake wa kuume, na ni huo mukono ninataka kuwaeleza.

Kwanza mumujue Musafiri. Sisi ni watu wa musikiti hapa Kasongo, tangu babu wa babu. Katika ukoo wetu Musafiri peke yake ndiye alikwenda kwa mapadri, na hakwenda kumutafuta Mungu. Alikwenda kutafuta klarineti. Fanfari ya misheni, wale wapiga tarumbeta na ngoma, ilikuwa inapita mbele ya mulango wetu, yeye akiwa mutoto wa kamasi, akaona jiti jeusi lenye vyuma, linalia kama mutu mwenye mafua lakini kwa utamu. Akapotea siku ileile. Wakamuambia bila ubatizo hakuna klarineti. Akabatizwa. Baba yetu alishika fimbo, lakini alipomusikia anapiga, akaiegemeza ukutani, akasema, "Kama ni hii walimupa, basi hawakumuiba bure." Mimi nikabaki na Mutume wangu, yeye na jiti lake, na tulikula sahani moja mpaka uzee.

Alikuja kuwa mukubwa wa ile fanfari, na sheria yake moja watu wanaifuata mpaka leo. Mnajua vijana wa kwetu wakibeba jeneza: wanakunywa kwanza, halafu wanakimbia nalo, wanasema maiti mwenyewe ndiye anawasukuma. Wanazunguka nalo muji muzima, wanalipeleka kupiga mulango wa mutu mwenye wanamuwazia uchawi. Kuna mama mumoja, Mungu amurehemu, walimuangusha muferejini na jeneza lake, akazikwa amelowa. Musafiri akasema, basi. Kwa maziko ya misheni, miguu ya wabebaji inafuata klarineti. Klarineti ikilia, mutembee. Ikinyamaza, muunganishe miguu mahali mulipo. Hata walevi walitii, maana Musafiri alikuwa na namna yake ya kugeuka na kumuangalia mutu, pombe inamutoka.

Alipoanza kuugua, maji yakamujaa miguuni, yakapanda tumboni, na macho yakafunikwa na ukungu. Hakuogopa kufa. Aliogopa kubebwa vibaya.

"Dada Mwamvita," aliniambia, "nani atanipigia?"

"Léontine."

"Léontine anapiga kama mutu anaogopa kuamusha jirani."

"Basi umufundishe, maana wewe hutajipigia."

Laiti ningelimeza ulimi. Hapana, angelianza hata bila mimi, ninamujua.

Léontine aliolewa Kabambare. Shimo la dhahabu lilimufunika bwana wake, akarudi kwa baba yake na kifurushi kimoja, na kwa muda murefu hakusema na mutu. Unamusalimu, anatikisa kichwa. Ni hapo Musafiri alimutia klarineti mikononi. Alifanya hivyo kwa kuchoka, siyo kwa huruma. Alisema nyumba yenye kimya inamuumiza masikio. Yale Léontine hakuweza kuyasema kwa kinywa akayapuliza. Akaanza kuongea, akaanza kunona, akawa mwanamuke wa kwanza kupiga katika ile fanfari; wengine walikuwa wanaimba tu na kushona mavazi. Mimi niliona kwa macho yangu: mutoto yule alifufuliwa na lile jiti. Kumunyang'anya ni kumurudisha shimoni kwa bwana wake.

Basi mazoezi yakaanza. Asubuhi, na tena jua likipoa, Musafiri analala kitandani, tumbo limepanda kama kilima, na mutoto wake anasimama karibu na dirisha anamupigia wimbo wa maziko yake. Wimbo uleule. Akikosea, muzee anagonga ubao wa kitanda kwa fimbo: "Rudia." Akirudia vibaya: "Rudia. Unataka wanitupe muferejini?" Akifanya vizuri, hasemi kitu. Ndiyo sifa yake hiyo. Maisha yake yote sikumusikia akisifu mutu, hata marehemu bibi yake, mama ya Léontine, aliyemupikia mpaka akapinda mugongo. Akinyamaza, ujue umependeza. Na Léontine aliutafuta huo unyamavu kama mwenye kiu.

Pale pagumu palikuwa katikati ya wimbo, mahali sauti inashuka mbio na vidole vya kuume vinapaswa kukimbia kama panya juu ya dari. Na lile jiti halikuwa jepesi. Uzito wake wote unakaa juu ya kidole gumba cha kuume, kwenye kindoano kidogo cha chuma. Tena springi za vile vyuma, zenye zinavirudisha juu, zilikufa zamani kwa kutu. Musafiri alizibadilisha kwa mupira wa ndani wa kinga, ndiyo baiskeli, ameukata nyembamba, ameukaza sawasawa na watu wanaofunga magunia juu ya kinga kwenda Lusangi. Kufunga tundu moja kulitaka nguvu ya kuua kuku. Yeye alikuwa na vidole kama misumari. Alijivunia ile mipira kuliko ubatizo wake.

Siku moja nikapika ugali na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wenye walitoka Nyangwe. Tukakaa chini, mimi na Léontine, sahani moja. Nikaona mukono wa kushoto unaingia. Nikaupiga.

"Ee! Hii mukono ya choo inatafuta nini kwa sahani yangu?"

"Samahani, shangazi."

"Padri njo alikufundisha hivi?"

Akaleta wa kuume. Vidole vikafika kwenye ugali, gumba likakataa kukutana na wenzake. Akajilazimisha, akapata tonge kidogo. Lilipofika karibu na kinywa likaanguka kifuani. Akaliangalia pale juu ya kitenge, hakuliokota.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Haiko sana, shangazi."

"Sikuuliza sana. Niliuliza lini."

"Tangu alianza kusema rudia."

Akaniambia yote, sombe ikipoa. Kwanza ilikuwa moto kidogo kwenye kifundo cha mukono, upande wa gumba. Halafu moto ukapanda mpaka kiwiko. Asubuhi vidole vinaamka vimelala, hawezi kukamua nguo, hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya mafuta. Kikombe chenye alisema paka alikivunja, ni yeye alikivunja. Yule paka nilimupiga bure. Nilikwenda kumutupia kichwa cha samaki.

Nikamutengenezea Léontine matonge, nikamutia kinywani moja moja.

"Fungua. Umri wako huu, ungekuwa unanilisha mimi."

Akacheka akilia, samaki akataka kumukaba.

Majirani walikuwa na magonjwa tayari ya kumupa. Mumoja alisema ni kitu kimetegwa kwenye kizingiti. Mwingine alisema mutu anayekufa polepole anamushika mukono mutu wa kwenda naye, na Musafiri amekwisha kuchagua. Akaja na mufumu kabisa, na wembe wake, tayari kumuchanja. Nikamuambia mufumu aanze na kinywa cha huyo jirani. Nikamuchukua Léontine kwa munganga Heri, kwenye kituo cha afya.

Heri ni kijana, lakini mikono yake ni ya kizee, inagusa taratibu. Alimuambia Léontine afunge gumba ndani ya ngumi, halafu ainamishe kifundo kuelekea chini. Léontine alipiga kelele mpaka mwanamuke mwenye mimba nje akadhani ni zamu yake imefika.

"Haiko ugonjwa ya kutumwa," Heri alisema. "Ni ugonjwa ya kufanya kitu kimoja, kila siku, bila kupumuzika. Hii mishipa ya gumba inapita ndani ya mufereji yake. Inapita, inarudi, inapita, inarudi. Sasa imevimba, na mufereji imebana."

"Dawa yake?" nikauliza.

"Kuacha, mama."

"Kuacha nini?"

"Klarineti. Mpaka ipoe. Halafu aanze kidogo kidogo."

Léontine akasema, "Baba akisikia kimya atakufa."

"Atakufa hata akisikia," nikasema mimi.

"Mama Mwamvita!"

"Nimesema uongo, munganga?"

Heri alikata karatoni ya dawa, akaipinda kufuata mukono, akaifunga kwa kitambaa, gumba limesimama peke yake kama mutu anaomba lifti barabarani. Halafu akamuangalia Léontine usoni.

"Sikia, dada. Ukiipumuzisha sasa, unaweza kumupigia baba yako siku ya maziko, na utapiga tena nyuma ya maziko. Ukiendelea namna hii, mukono itaacha yenyewe, na haitakuomba ruhusa. Sitakudanganya. Inaweza isirudi."

Njiani Léontine hakusema neno. Nilianza kuogopa, maana hicho kimya nilikijua, kilitoka Kabambare.

Jioni, saa ya mazoezi, dirisha likawa bila mutu. Musafiri akangoja. Akagonga fimbo.

"Léontine!"

Nikaingia mimi. "Léontine iko na mukono mugonjwa. Munganga amemukataza kupiga."

"Munganga gani?"

"Heri."

"Heri anapiga chombo gani?"

"Anapiga watu sindano. Musafiri, mukono ya mutoto wako inataka kufa mbele yako."

"Mimi nimepiga tangu enzi za mapadri wazungu. Mvua, jua, msiba juu ya msiba. Uliona mukono yangu imefungwa karatoni?"

"Wewe ulikuwa unapiga maziko ya watu, ukarudi nyumbani ukalala. Yeye anapiga maziko yako kila siku, na hauzikwi."

Hapo alicheka, ninakiri, tumbo likatikisika, maji yakalia ndani. Nikadhani nimeshinda. Lakini uji ulipoletwa, akafunga kinywa. Asubuhi, akafunga kinywa. Akageukia ukuta. Nilimuambia atakufa kwa njaa, akasema, kwa ukuta, siyo kwangu, "Mubebwe na walevi nyinyi wote. Munizike kama mbwa, nimezoea kimya." Ulikuwa uongo, hakuzoea kimya hata saa moja, lakini uongo wa mugonjwa una nguvu kuliko ukweli wa muzima.

Léontine alisimama mulangoni na bakuli la uji ndani ya mukono wa kushoto. Akaliweka chini. Akakaa, akafungua kitambaa kwa meno, akaondoa karatoni.

"Mutoto wangu," nikasema.

"Shangazi, niache. Ni baba."

"Na mukono ni ya nani?"

Akapiga. Muzee akageuka kutoka ukutani. Alipofika pale pa kushuka, fimbo ikagonga: "Rudia." Na uji ukanyweka.

Mwenye alijaribu kusaidia ni Hervé. Hervé anapiga ngoma kubwa katika fanfari, na siku za kawaida anatengeneza kinga chini ya kibanda sokoni. Ni mutu wa maneno machache, ngoma inamutosha. Alikuja kumusalimu Mwalimu wake, akaona vidole vya Léontine vinavyotetemeka akibonyeza, akachukua klarineti kama anaifuta vumbi, akakaa nayo nyuma ya jikoni. Alifungua mipira yote, akaweka mingine laini, ya mupira mwekundu. Léontine akabonyeza. Macho yakamufunguka.

"Hervé! Inashuka kama siagi."

"Usimuambie," Hervé akasema.

Muzee haoni, tukasema. Hatajua. Léontine akapiga wimbo, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi sikuona meno yake yameuma mudomo. Alipofika katikati, fimbo ikagonga. Siyo kwa nguvu.

"Nani amegusa mupira yangu?"

Tukaangaliana.

"Ninauliza. Vyuma vinafunga bila kulia. Vyangu vinalia *tak*. Nani?"

"Mimi, Mwalimu," Hervé akasema. "Ilikuwa nguvu sana kwa dada."

"Umenitolea sauti yangu ndani, Hervé. Unataka nipigiwe klarineti ya mutu mwingine siku yangu? Rudisha."

Mimi nikasema, "Usirudishe." Hervé alimuangalia Léontine, siyo mimi, na yeye akatazama chini. Hervé akarudisha. Siku ile nilimutukana Hervé matusi ya Kibangubangu yenye nilifundishwa na marehemu bwana yangu, na hakuyaelewa, ikawa kama nimemuombea dua. Lakini mutu mwenye amefundishwa na Musafiri tangu utoto atafanya nini? Wote walikuwa wanaogopa ile fimbo, na yenyewe ilikuwa tu kijiti cha mupera.

Akiondoka, Hervé alikata kipande cha ule mupira mwekundu, akamupa Léontine. "Funga gumba na hii. Mizigo ikiyumba, mi nafunga hivi." Alimaanisha mema. Na Léontine alifunga. Alizungusha mupira kwenye gumba na kifundo, akaukaza kwa meno, na maumivu yakanyamaza. Alikuja kunionyesha, furaha usoni.

"Shangazi, haiumi tena!"

"Unasikia kidole?"

"Hapana."

"Basi njo maana."

Lakini mutu mwenye ameumia siku nyingi, akipata mahali pasipoumia, utamuambia nini? Aliufunga kila mazoezi. Akiufungua, alikuwa anageuka upande ili nisione rangi ya ngozi.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua zuri. Mimi nilikuwa uani, nimeanika mupunga juu ya mukeka, ninafukuza kuku. Ndani wakaanza. Mwanzo wa wimbo ulipita. Pale pa kushuka pakaja, vidole vikakimbia, vikateleza kidogo. Nikangoja fimbo. Hakuna. Akaendelea mpaka mwisho. Hakuna fimbo, hakuna neno. Nikasema moyoni, haa, leo amemupitisha. Léontine pia alidhani hivyo, maana alianza tena bila kuambiwa, na sasa alipiga vingine kabisa. Ninawaapia, kuku wenyewe waliacha mupunga. Mutu mumoja wa kinga, na mukungu wa ndizi nyuma, alitia muguu chini mbele ya lango letu akasikiliza. Mutoto alipiga, akarudia, akapiga, kila mara bila fimbo, kila mara vizuri zaidi, kama mwenye amesamehewa.

Nikachota maji ya kunywa, nikamupelekea ndugu yangu.

Alikuwa amegeukia ukuta. Fimbo imeanguka chini. Nikamugusa muguu, ulikuwa baridi. Nikagusa shingo, mushipa haukuwa unapiga. Amekufa kwenye wimbo wa kwanza au wa kati, Mungu anajua. Nyuma yangu Léontine amefunga macho, anapiga.

Nikamushika bega. Hakuacha.

"Léontine. Basi."

Akatoa kinywa, bado anacheka. "Shangazi, leo hajagonga."

"Ninajua."

"Hata mara moja! Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Weka chini."

Akaona uso wangu. Akaona kitanda. Akataka kuweka klarineti chini na haikuwezekana. Vidole vilikuwa vimekauka juu ya matundu, gumba limeshika chini ya kindoano. Nilimubandua kidole kimoja kimoja, kama kutoa mutoto kwenye mugongo wa mama mwenye amelala. Nikakata mupira kwa kisu cha jikoni. Gumba lilikuwa na rangi ya biringanya. Damu ilipoanza kurudi, alilia, na mpaka leo majirani wanasifu namna Léontine alimulilia baba yake.

Hatukuweza kumuweka siku nyingi, mwili wenye maji haungoji. Kesho yake jeneza likatoka. Heri alikuja, akautazama mukono, akaufunga, akatingisha kichwa bila kuniangalia. Fanfari ikapanga mustari: tarumbeta, ngoma kubwa ya Hervé, na mbele ya jeneza, Léontine. Alikataa kubaki nyumbani. Alisema atapiga kwa kushoto sauti zenye zinawezekana, zile za juu.

Vijana wakainua jeneza mabegani. Lilikuwa zito, mishipa ikawatoka shingoni. Wakaunganisha miguu, wakangoja.

Léontine akashika klarineti kwa kushoto. Hakuna cha kuibeba chini, ikaning'inia kwenye meno yake. Akapuliza. Ikatoka sauti ya bata. Wabebaji wakatoa muguu mumoja, maana ni klarineti. Sauti ikakatika. Muguu ukabaki hewani, ukashuka. Akapuliza tena: bata. Hatua moja. Jeneza likayumba mbele na nyuma, na ndani, msiniulize, tulisikia maji. Nyuma mutu mumoja alicheka kwa pua. Léontine akaleta mukono wa kuume, na kitambaa chake chote, akautia chini ya kindoano, akautegemeza kwa kifua. Niliona jasho linamutoka juu ya mudomo. Vidole havikufunga. Siyo kwamba viliuma tu. Aliviambia, na havikusikia.

"Tarumbeta ipige!" mutu akasema.

"Tunangoja klarineti," mubebaji wa mbele akajibu, uso umelowa. "Mwalimu alisema miguu iunganishwe."

"Mwalimu iko ndani ya sanduku!"

"Njo maana hatutaki kumukosea."

Jua likapanda. Watu wa musikiti, ndugu zetu, walikuwa wanasimama upande mwingine wa barabara kwa heshima, na heshima yenyewe ilianza kutoa jasho. Hervé alishika nyundo ya ngoma, hakuthubutu.

Léontine akaitoa klarineti kinywani. Akaifuta kwa kitenge, polepole, akageuka kuwaangalia wale vijana. Ilikuwa ile namna ya baba yake.

"Baba ameisha kusikia," akasema. "Jana nilimupigia yote, akiwa ameisha kufa. Sikukosea. Alipata maziko yake jana. Leo munabeba tu. Tembeeni."

Hawakutembea. Siyo ubishi, miguu yao haikujua kuanza. Ndipo nikatoka upande wa wanawake, mimi kizee, bila kuomba ruhusa ya padri wala ya imamu, nikasimama mbele ya jeneza.

"Munataka kitu cha kufuata? Fuateni hii kiuno yangu. Nayo inalia *tak*."

Mumoja akacheka, na mutu akicheka miguu inafunguka. Nikaanza. Mimi ninachechemea tangu nilipoanguka na ndoo. Basi jeneza la Musafiri, mutu mwenye alitafuta mwendo wa kunyooka maisha yake yote, lilichechemea kutoka lango letu mpaka makaburini, kushoto likizama, kuume likipanda. Hervé alipiga ngoma kwenye kiuno changu. Léontine alitembea nyuma, klarineti imelala ndani ya mukono wa kushoto, na hakulia tena. Udongo ukamufunika ndugu yangu, fanfari yake imenyamaza.

Sasa mupunga mwingine umepandwa. Heri alijaribu alichoweza: karatoni, maji ya baridi, vidonge, mazoezi ya kufungua na kufunga. Anasema kuna waganga wakubwa wanaoweza kupasua ule mufereji kuupanua, mbali na hapa, na labda kungefaa kama kungefanywa mapema. Hilo "labda" analisema akiangalia chini. Léontine anaweza kushika ufagio. Anaweza kula na kuume kama mutu wa heshima, matonge makubwa. Hawezi kufunga kifungo, hawezi kusuka nywele, na hawezi kufunga tundu hata moja la klarineti. Alijaribu, mara moja, mulango umefungwa, na nilijifanya ninaita kuku ili nisisikie.

Klarineti ilirudi misheni. Wamemupa Esther-Divine, binti wa katekista, ana vidole virefu. Hervé amemuwekea mipira laini. Siku za mazoezi upepo ukitoka upande ule, tunausikia wimbo mpaka uani kwetu. Juzi tulikuwa tumekaa juu ya mukeka, tunamenya karanga, Léontine akitumia kushoto. Kule wakaanza. Hakuinua kichwa. Lakini niliona mukono wa kuume, uliokuwa umelala pajani, vidole vyake vinaanza kutembea vyenyewe, kila kimoja kikitafuta mahali pake, polepole, halafu mbio kidogo, pale pa kushuka. Uso wake ukakunjamana kwa maumivu.

"Nifunge lango?" nikauliza.

"Hapana, shangazi. Kuna joto."

Akauchukua ule mukono kwa mwenzake, akausukuma chini ya paja, akaukalia. Alikaa hivyo, bila kumenya, mpaka kule walipomaliza. Halafu akautoa, umepigwa mistari na mukeka, akaunyoosha kidogo kidogo, akavuta sahani ya karanga upande wa kushoto.